Rimu za sporti: Hesabu ya tairi inayolinda mtaji

WAFANYABIASHARA wa vipuri vya magari, pamoja na watu wenye mitaji midogo wanaotafuta bidhaa ya kuanzia, wamekuwa wakivutwa na biashara ya rimu za sporti. Sababu zinaeleweka. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoingia Tanzania na Kenya kutoka Japani huja na rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki, na wenye magari hayo hupenda kuyabadilisha sura mara tu wanapopata nafasi. Isitoshe, rimu ya aloi haiozi kama matunda wala haipitwi na wakati upesi kama simu.

Hata hivyo, rimu si bidhaa ya kuuzwa kwa macho. Seti inayong'aa dukani inaweza isiingie kwenye gari la mteja hata mmoja kati ya kumi wanaoiulizia. Ikiingia, inaweza kudai tairi ambalo muuzaji hana. Na ikifungwa na tairi lisilo lake, mteja hurudi baada ya wiki moja akiwa na madigadi yaliyokwaruzwa, au asirudi kabisa.

Hasara yake huonekana kwa hesabu rahisi. Tuseme, kwa mfano tu, mfanyabiashara amenunua seti 5 za rimu kwa Sh. 800,000 kila moja, jumla Sh. milioni 4, na anatarajia faida ya Sh. 160,000 kwa kila seti. Seti 4 zikiuzika, faida ni Sh. 640,000. Seti ya tano ikikosa gari la kuivaa, Sh. 800,000 zimelala. Maana yake ni kwamba faida yote ya seti nne haikutosha kufidia kosa la seti moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari la kwanza limeandikwa ubavuni mwa tairi.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Kila tairi la gari dogo lina maandishi yanayofanana na haya: 195/65R15 91H. Kipimo hiki kinafahamika sana kwa wenye Toyota Premio, na ni miongoni mwa vipimo vinavyotengenezwa na viwanda vingi duniani.

Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 si milimita; ni asilimia. Inaeleza kuwa kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya ule upana wa 195. Herufi R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, yaani radial, ambao ndio wa kawaida kwa magari madogo. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni alama ya uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba, na H ni alama ya kasi ya juu kabisa.

Wauzaji wapya wengi hukosea kwenye ile asilimia. Hudhani kuwa tairi la 55 lina ubavu sawa na tairi jingine lolote la 55. Si kweli. Asilimia 55 ya 185 ni milimita 101.75, lakini asilimia 55 ya 225 ni milimita 123.75. Namba ni ileile, kimo ni tofauti.

HESABU YA KIPENYO KIZIMA

Kanuni kuu ya kubadili rimu ni hii: rimu ikiongezeka, ubavu wa tairi upungue, ili kipenyo kizima cha gurudumu kibaki karibu na kile kilichowekwa na kiwanda. Gia, kipima mwendo, breki na nafasi iliyo ndani ya madigadi vyote vilipangwa kwa kuzingatia kipenyo hicho.

Hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kikokotoo cha dukani. Kwa tairi la 195/65R15, zidisha 195 kwa 0.65 kupata ubavu wa milimita 126.75. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo zidisha kwa 2, unapata 253.5. Kisha geuza inchi 15 kuwa milimita kwa kuzidisha na 25.4, unapata 381. Jumlisha. Kipenyo kizima ni milimita 634.5.

Mteja mwenye gari hilo akitaka rimu kubwa zaidi, hesabu hiyohiyo inatoa majibu yafuatayo:

195/65R15 (la kiwanda): milimita 634.5
205/55R16: milimita 631.9, pungufu kwa asilimia 0.4
215/45R17: milimita 625.3, pungufu kwa asilimia 1.4
225/45R17: milimita 634.3, karibu sawa kabisa
225/40R18: milimita 637.2, zaidi kwa asilimia 0.4

Kwa magari madogo zaidi yaliyotoka kiwandani na 175/65R14, kipimo kinachopatikana kwenye Toyota Corolla nyingi za miaka ya 1990 na baadhi ya Vitz za mwanzo, hali ni hii:

175/65R14 (la kiwanda): milimita 583.1
185/55R15: milimita 584.5, zaidi kwa asilimia 0.2
195/50R15: milimita 576.0, pungufu kwa asilimia 1.2
195/45R16: milimita 581.9, pungufu kwa asilimia 0.2

Mafundi wengi hutumia kanuni kwamba tofauti isizidi asilimia 3 juu au chini. Muuzaji makini hujibana ndani ya asilimia 2, kwa kuwa tairi jipya na tairi lililokwisha nalo hutofautiana kipenyo. Aidha, kipimo cha kiwanda cha gari husika husomwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Tairi lililokutwa kwenye gari si ushahidi wa kutosha, kwani huenda mmiliki aliyetangulia alikwishalibadili.

KIPIMO KIKIKOSEWA

Tuchukue mteja wa gari la 195/65R15 aliyenunua rimu za inchi 17 kisha akauziwa 215/55R17 kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo dukani. Kipenyo chake ni milimita 668.3, zaidi kwa asilimia 5.3. Mshale wa kipima mwendo unapoonyesha kilometa 100 kwa saa, gari linakwenda zaidi ya 105. Mshale unapoonyesha 50 mjini, gari liko karibu na 53. Dereva anadhani yuko ndani ya sheria, kumbe amekwishaivunja. Gari pia linakuwa zito kuondoka, na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi linaweza kugusa plastiki ya ndani ya madigadi.

Upande wa pili ni kipenyo kupungua. Gari hilohilo likifungwa 195/50R15, kipenyo kinakuwa milimita 576, pungufu kwa asilimia 9.2. Hapo kipima mwendo huongopa kwa kuzidisha. Kilometa 5,000 zinazosomwa kwenye dashibodi ni kama kilometa 4,540 tu barabarani. Mwenye teksi atamwaga oili kabla ya wakati, na siku ya kuuza gari, mnunuzi ataona kilometa nyingi kuliko zilizotembewa kweli. Gari pia limeshuka kwa takriban sentimita 3, na tumbo lake ndilo litakalopokea kila tuta.

Kwa magari yanayovuta magurudumu yote manne wakati wote, kama Subaru nyingi, kuna tahadhari ya ziada. Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na uchakavu unaolingana. Mawili makubwa na mawili madogo hulazimisha mfumo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma kufanya kazi bila kupumzika, na matengenezo yake huweza kuzidi thamani ya seti nzima ya rimu.

ALAMA YA UZITO ISIPUUZWE

Kipenyo kikishakubali, bado kazi haijaisha. Alama ya 91 humaanisha kilo 615 kwa tairi moja. Alama ya 82 ni kilo 475, 88 ni kilo 560, 92 ni kilo 630 na 94 ni kilo 670.

Hapa ndipo rimu za inchi 18 zinapowanasa wauzaji wengi. Tairi la 225/40R18 la kawaida huwa na alama ya 88. Kipenyo kinafaa, sura inapendeza, lakini kila tairi limepoteza kilo 55 za uwezo ukilinganisha na lile la kiwanda la 91. Kwa matairi manne ni kilo 220, sawa na abiria watatu na mizigo yao. Dawa yake ni kutafuta tairi la kipimo hichohicho lililoandikwa XL, ambalo limeimarishwa na hubeba alama ya 92. Mteja aelezwe kuwa tairi la aina hiyo huhitaji upepo mwingi zaidi ili libebe uzito wake. Likijazwa kwa mazoea ya zamani, nguvu yake haipatikani.

Alama ya kasi nayo isishushwe chini ya ile ya kiwanda. T ni kilometa 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240 na W ni 270. Alama kubwa haimaanishi ruhusa ya kukimbia. Ni kipimo cha uwezo wa tairi kustahimili joto.

UPANA WA RIMU

Rimu iliyoandikwa 16x7J ina kipenyo cha inchi 16 na upana wa inchi 7. Kila tairi lina upana wa rimu linaoukubali. Tairi la 195/65R15 hukaa kwenye rimu ya inchi 5.5 hadi 7. La 205/55R16 hukubali 5.5 hadi 7.5. La 225/45R17 huanzia 7 hadi 8.5, na 225/40R18 huanzia 7.5 hadi 9.

Kijana anayetaka kuvuta tairi jembamba kwenye rimu pana ili lionekane limetanuka anaweza kufurahia sura yake, lakini muuzaji anayemhudumia ajue kuwa ukingo wa rimu unabaki wazi kupigwa na kila jiwe, na tairi linaweza kuchomoka kwenye kiti chake upepo ukipungua kwenye kona.

MATUNDU, KITOVU NA NATI

Tairi sahihi halisaidii kama rimu haifungiki. Vipimo vitatu hutazamwa.

Cha kwanza ni idadi ya matundu ya nati na mduara yanapokaa. Corolla za miaka ya 1990 na Vitz za mwanzo hutumia 4x100, yaani matundu 4 kwenye mduara wa milimita 100. Nissan Tiida ina matundu 4 vilevile, lakini mduara wake ni 114.3, hivyo rimu ya Corolla haiingii. Premio hutumia 5x100, wakati Mark II na RAV4 nyingi ni 5x114.3.

Muuzaji anayenunua rimu zisizo na maandishi anaweza kuzipima kwa rula. Kwa matundu 4, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Kwa matundu 5, pima kati ya matundu mawili yanayofuatana, katikati hadi katikati, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata karibu milimita 58.8, rimu ni ya 100. Ukipata 67.2, ni ya 114.3. Ukipata 65.8, ni ya 112, inayotumiwa na magari mengi ya Mercedes-Benz na Audi. Tofauti ya 112 na 114.3 ni ndogo kiasi cha kumshawishi fundi alazimishe. Nati itakaza, lakini itakuwa imekaa upande, na siku moja italegea barabarani.

Cha pili ni tundu la katikati linalokaa kwenye habu. Premio ina habu ya milimita 54.1. Subaru Forester za miaka ya 2000 hutumia 5x100 kama Premio, lakini habu yake ni 56.1. Kwa hiyo rimu ya Premio haipiti kwenye habu ya Forester. Rimu ya Forester hupita kwenye Premio, ila huacha mwanya wa milimita 1 kila upande, na usukani huweza kutetemeka gari likichanganya. Pete ya kuziba mwanya huo ni ya bei ndogo, na muuzaji anayeiweka dukani huokoa mauzo makubwa.

Cha tatu ni nati zenyewe. Nati za Toyota na za Nissan au Subaru zina unene uleule wa milimita 12, lakini meno yake ni tofauti: Toyota ni 1.5, Nissan na Subaru ni 1.25. Kwa macho hazitofautiani. Nati ikianza kwa mkono ikagoma baada ya mizunguko miwili, isikazwe kwa spana. Aidha, rimu nyingi za aloi zinahitaji nati yenye kichwa cha umbo linalolingana na tundu lake. Za rimu ya chuma zisihamishwe bila kuangaliwa.

OFSETI: NDANI AU NJE

Kipimo ambacho wauzaji wengi hukiruka ni ofseti, kinachoandikwa ET na namba kwa milimita. Ni umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaogusa habu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani.

Mfano: gari lenye rimu ya 6J ET45 likipewa 7J ET35, ukingo wa nje utatoka kwa milimita 22.7, na wa ndani utaingia kwa milimita 2.7. Milimita 22.7 zinatosha kulifanya tairi likwaruze madigadi gari likibeba watu watano, na kuiongezea mzigo beringi ya gurudumu. Ikitumika 7J ET45, ongezeko ni milimita 12.7 kila upande, na hapo la kutazamwa ni shokapu na bomba la breki upande wa ndani.

Kabla ya kulipwa, muuzaji afunge gurudumu moja la mbele, akate usukani kulia na kushoto hadi mwisho, kisha apitishe kidole kati ya rimu na kalipa ya breki. Jaribio hili ni la dakika kumi tu, na huepusha ugomvi wa mwezi mzima.

MWENYE TEKSI AFIKIRIE MARA MBILI

Kwa mwekezaji mdogo mwenye gari la kazi, liwe teksi ya kijiweni au ya mtandao, swali si kama rimu kubwa inaingia, bali kama inalipa. Tairi la 195/65R15 lina ubavu wa milimita 126.75 kati ya rimu na shimo. La 225/40R18 lina milimita 90 tu. Zile milimita 36.75 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikipokea kishindo badala ya rimu, shokapu na bushi.

Hesabu yake ni ya bei kwa kilometa. Agawanye bei ya matairi manne kwa kilometa anazotarajia, kisha aongeze gharama ya kunyoosha rimu na siku ambazo gari halikufanya kazi. Wengi watakuta kuwa kipimo cha kiwanda, au hatua moja tu juu yake, ndicho chenye faida. Rimu za inchi 18 ni za gari la starehe.

KUPANGA MZIGO

Mwenye mtaji mdogo hashauriwi kununua kila aina kidogokidogo. Afadhali achague mduara mmoja au miwili ya nati inayolingana na magari ya eneo lake, na kwa kila rimu aweke tairi lake. Rimu za 4x100 za inchi 15 ziende pamoja na 185/55R15 na 195/50R15. Rimu za 5x100 za inchi 16 ziende na 205/55R16. Vipimo vya 195/65R15 na 205/55R16 vina faida nyingine: rimu zisipotoka, matairi yatauzika peke yake.

Akikagua rimu zilizotumika kutoka Japani, atafute alama ya JWL iliyochongwa kwenye chuma, inayoonyesha kiwango cha nchi hiyo kwa rimu za aloi. Azungushe kila rimu kwenye mashine ya balansi kabla ya kukubali bei, na akague upande wa ndani kwa nyufa au sehemu zilizochomelewa. Kwa matairi, asome namba nne za mwisho baada ya DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa lami na bado likawa limezeeka ghalani.

Mwishoni, kila mauzo yaandikwe kwenye risiti: aina ya gari, kipimo cha kiwanda, kipimo kipya, ofseti, na alama ya uzito. Risiti hiyo humlinda mteja, na humlinda muuzaji zaidi pale mteja anapobadili matairi kwingine kisha akarudi kulalamika. Baada ya miezi michache, daftari la risiti hizo litamweleza mfanyabiashara ni kipimo kipi kinachotoka na kipi kinacholala, naye ataagiza mzigo unaofuata kwa kulifuata.